Kichwa Kilichopigwa Tupa Pembeni

Mtaani walimwita Mama Cherehani, na ukimwuliza jirani jina lake la kuzaliwa, jirani atakuna kichwa kwanza. Mwanamke mfupi, vidole vyepesi, ulimi mwepesi zaidi, na futi ya kupimia haikumtoka shingoni hata siku ya kwenda msibani. Alishona sare za shule, alishona mapazia, alishona magauni ya maharusi walionenepa wiki ya mwisho, na mara moja, kwa bibi mmoja mpenda makuu, alishona koti la mbwa. "Mteja pekee ambaye hajawahi kulalamika," alikuwa akisema. "Wengine wote mikono yao huwa mirefu kuliko vipimo walivyonipa."

Lakini ukitaka kumjua vizuri, ndugu yangu, inabidi umjue na mumewe, maana hao wawili ni kama shati na kifungo. Mumewe alikuwa fundi wa umeme, na watu walimwita Bwana Pini. Duka lake lilikuwa chumba kimoja karibu na soko, na humo ukutani kulikuwa na ubao mpana kama mlango, umejaa vichwa vya waya. Kichwa, kwa lugha ya mafundi, ni kile kipande cha mwisho wa waya kinachochomekwa kwenye kifaa. Wewe na mimi tukikiona tunaona plastiki yenye matundu. Yeye alikuwa anaona sura ya mtu.

Ilikuwa hivi. Kifaa kikifa moja kwa moja, Bwana Pini alikata kichwa chake kwa koleo, akakifungua, akatoa waya zote, akakipigilia kitupu pale ubaoni. Chini yake akaandika kwa penseli, si jina la kifaa, bali la mwenyewe. Kinyozi. Mwalimu wa kwaya. Dada wa saluni. Mpangaji mkorofi. Siku ukija na kichwa usichokijua, umekiokota au umekirithi na kifaa chake hukioni, hakukuuliza ni cha nini. Alifumba macho, akafungua kiganja, akasema, "Usiniambie ni cha nini. Niambie kimetoka kwa nani." Kisha kidole gumba kinatembea juu ya plastiki polepole, na baada ya muda anakutajia kifaa, na mahali utakapopata kingine kama hicho. Watu walikuwa wanakuja kumjaribu kwa ajili ya kujifurahisha. Hakukosea.

Hivyo ndivyo walivyokutana. Binti mmoja mshonaji alifika dukani na kichwa cha pasi kilichoungua. "Hodi fundi," akasema. "Karibu, mama," fundi akajibu bila kuinua uso. "Kaa hapo. Kiti kibovu lakini hakijamwangusha mtu." Akafumba macho, akapapasa kile kichwa, akatabasamu. "Hiki ni cha pasi. Na mwenye pasi anashona, maana kuna uzi umejiviringisha kwenye waya. Na ana haraka, maana hachomoi kwa kushika kichwa, anavuta waya." Yule binti akasema yeye hakuja kupigiwa ramli, alikuja kutengenezewa pasi. Fundi akafumbua macho, akamtazama kwa mara ya kwanza, akasema, "Lo, kumbe sindano." Tangu siku hiyo akamwita Sindano, miaka thelathini na moja, na hakuna mtu mwingine duniani aliyeruhusiwa kumwita hivyo.

Sasa ugonjwa. Ulianza kwa kunyata, kama magonjwa ya aina hiyo yanavyoanza. Akasahau funguo, tukacheka. Akasahau njia ya sokoni, tukasema uzee. Siku alipomrudishia mteja redio ya mteja mwingine, akasisitiza kwamba ni yake, Mama Cherehani akalia jikoni peke yake, kisha akanawa uso, akaenda kufunga lile duka. Ubao akauleta nyumbani, ukatundikwa sebuleni, na sebule ndiyo ilikuwa chumba cha kushonea: cherehani chini ya dirisha, meza ya kukatia vitambaa katikati, na kiti cha mzee upande wa pili, kikitazama ubao wake.

Hospitali walisema ugonjwa ni wa ubongo na hauna kurudi nyuma. Nesi mmoja, mwanamke mwenye huruma, alimvuta pembeni. "Mama, usibishane naye. Akikuita dada, kuwa dada. Akidhani uko dukani kwake, kuwa mteja. Ingia kwenye hadithi yake."

"Mimi ni mke," Mama Cherehani alijibu. "Maigizo sijui."

Na kweli hakuigiza. Kila asubuhi, akimpa chai, alikuwa anamwuliza, "Mimi ni nani?" Mzee anamtazama, anatafuta, anatafuta, uso unakunjamana kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano bila miwani. Halafu linakuja. "Sindano." Kuna siku lilikuja haraka, kuna siku chai ilipoa kwanza. Lakini lilikuja, na likija mwanamke yule alikuwa na nguvu za kufanya kazi mpaka jioni.

Kitu kimoja tu kilikuwa kinamtuliza yule mzee, nacho ni mlio wa cherehani. Cherehani ile ya umeme ikinguruma, yeye anakaa kwenye kiti chake na kopo la skrubu, anachambua kubwa na ndogo, hana habari na dunia. Ikinyamaza kwa muda mrefu, anainuka. Anavaa viatu. Anakwenda "dukani", duka ambalo sasa linauza mitungi ya gesi.

Basi Jumatatu moja Mama Cherehani alikuwa uani anaanika vitambaa, kama dakika kumi hivi. Aliporudi ndani alimkuta mumewe amesimama mbele ya ubao, nyundo mkononi, uso umeng'aa kwa kazi. Waya ya cherehani ilikuwa inaning'inia mezani, imekatwa mwisho.

"Umefanya nini, baba?"

"Ilikuwa imekufa," mzee akasema. "Imenyamaza. Nimekitoa kichwa."

Hakukosea kwa desturi yake. Kifaa kikinyamaza hukatwa kichwa, hufunguliwa, hutolewa waya, hupigiliwa ubaoni. Tatizo ni kwamba hiki hakikuwa kimekufa. Kilikuwa kimepumzika tu, mwenyewe kaenda kuanika. Na safari hii, chini ya kichwa, hakuwa ameandika jina la mtu yeyote.

Jumanne cherehani ilikuwa kimya, na mzee akaondoka mara mbili. Mara ya kwanza alirudishwa na muuza mkaa. Mara ya pili walimpata stendi ya mabasi, amekaa kwenye benchi na mfuko wa plastiki uliojaa plagi, anamngoja mteja. Watu walikuwa wamempiga picha na simu. Habari zikamfikia mtoto wao wa pekee, mtu mzima, msimamizi wa ghala katika mji mwingine, mwendo wa nusu siku kwa basi. Akapiga simu jioni ileile.

"Mama, nakuja Jumamosi kumchukua mzee."

"Kumchukua kumpeleka wapi?"

"Kwangu. Geti lina kufuli, na mke wangu yupo nyumbani mchana."

"Baba yako si mbuzi wa kufungiwa geti."

"Mama, atagongwa na gari. Utaniambia nini siku hiyo?"

Mama Cherehani alihamishia simu sikio la pili. Alijua jambo ambalo hakulisema: kwamba mzee akipelekwa kule, mahali ambapo hakuna ubao wala mlio wala yeye, lile neno la asubuhi litakauka ndani ya wiki moja. "Cherehani ikinguruma hatoki," akasema mwishoni. "Nipe mpaka Jumamosi niitengeneze. Ukimkuta ametulia, utamwacha?"

Mwanawe alivuta pumzi. "Nikimkuta ametulia, tutaongea."

Sasa, kutengeneza kichwa cha waya si mlima. Lakini ubao ule ulikuwa na vichwa zaidi ya mia, majina mengi ya penseli yalishafutika, na mzee alikuwa amepigilia hiki katikati ya vingine, hakumbuki wapi. Mama Cherehani miaka yote alikuwa anachomeka na kuchomoa bila kukiangalia, kama usivyoangalia kitasa cha mlango wako. Jumatano asubuhi akashusha ubao, akang'oa kichwa kimoja kimoja, akajaribu kila kimoja kwenye ubavu wa cherehani penye zile pini tatu. Hiki kikubwa. Hiki kidogo. Hiki kinaingia lakini kinacheza kama jino bovu. Ilipofika saa sita mchana, kimoja kikaingia, tik, kikakaa. Kilikuwa cheusi, chenye matundu matatu, mawili ya duara na la katikati bapa, na pembe moja ilikuwa imekatwa mshazari.

Akakichukua pamoja na cherehani, akavipeleka kwa jirani, fundi wa simu aliyezoea kuvaa koti jeupe dukani kwake, kwa hiyo watu wakamwita Dokta. Dokta alikigeuza kichwa huku na huku, akakipiga picha, akatafuta kwenye simu yake.

"Mama, hiki si cha cherehani ya kampuni yoyote. Ila kinafanana na hivi vya matundu matatu. Upande huu moto, upande ule wa kurudi, katikati pedali. Nifunge hivyo?"

"Kwani mimi ndiye fundi? Funga."

Akafunga, akachomeka ukutani. Kabla hajamruhusu aguse, akachukua bisibisi yake ya testa, ile yenye kitaa cha kuonyesha umeme, akaigusisha kwenye mwili wa cherehani. Kitaa kikawaka chekundu.

"Mama, rudi nyuma!" Akachomoa upesi. Jasho lilikuwa limemtoka. "Chuma chote kina moto. Ungeshika hapo, sasa hivi ningekuwa natafuta gari la kukupeleka hospitali."

Akazitoa waya kichwani, akapima kwa mita, namba zikarukaruka, kwa sababu mota ni kuukuu na brashi zake zimelika. Akataka kufungua ndani aone waya zinakwenda wapi, akakuta zile pini tatu zimezungushiwa gundi ngumu kama jiwe, na waya zilizotoka humo zilikuwa zimekauka, ukizikunja zinakatika.

"Nani alifanya hii kazi?"

"Mume wangu. Zamani. Cherehani ilikuja na kichwa chake kizuri tu, cha matundu mawili, yeye akaamua kuchezea. Wiki nzima sikushona. Tuligombana mpaka majirani wakaja kuamua."

Dokta akavua koti lake, akakaa. "Nikuambie ukweli, mama yangu. Mzee hakuchezea, alipanga kitu. Lakini alivyopanga anajua yeye. Kwenye simu nikikisia napoteza simu. Hapa nikikisia napoteza mtu. Sigusi mpaka nijue kila tundu ni la waya gani. Muulize mwenyewe."

"Nimuulize!" Mama Cherehani akacheka, kicheko kibaya, na akabeba cherehani yake akarudi nyumbani.

Alimuuliza. Siku nzima ya Alhamisi alimuuliza. Alikiweka kile kichwa mbele ya macho yake mchana kweupe. "Baba, hiki ni cha nini? Waya nyekundu inakaa wapi?" Mzee alikichunguza kwa heshima, kama daktari anayesoma cheti cha mgonjwa, halafu akakirudisha.

"Aliyetengeneza hiki hajui kazi. Angalia pembe hii, imeliwa na panya."

"Umetengeneza wewe!"

"Mimi? Mimi sipigi tupa hovyo namna hii."

Hapo Mama Cherehani alicheka kidogo, hakuweza kujizuia. Akajaribu tena baada ya chakula, na tena alasiri, sauti ikipanda kila mara, mpaka mzee akaanza kutetemeka midomo kama mwanafunzi asiyejua hesabu. Na asubuhi ile, nimesahau kukuambia, alikuwa amemwuliza, "Mimi ni nani?" na chai ikapoa yote, na neno halikuja.

Ijumaa Mama Cherehani aliamka, akakaa ukingoni mwa kitanda, akafikiri. Alifikiri juu ya yule nesi. Alifikiri juu ya geti lenye kufuli. Kisha akafanya jambo ambalo aliapa hatalifanya. Alivaa gauni lake la kutokea. Akachukua mkoba. Akaivua futi shingoni, akaitundika kwenye msumari. Akatoka kwa mlango wa uani, akazunguka nyumba yake mwenyewe, akasimama mbele ya mlango wa sebule uliokuwa wazi, akapiga kwa kidole.

"Hodi fundi."

Mzee aliinuka nusu kwenye kiti chake. Mgongo ukanyooka. Miaka kumi ikamtoka mabegani.

"Karibu, mama. Kaa hapo. Kiti kibovu lakini hakijamwangusha mtu."

Ndugu yangu, yalikuwa maneno yaleyale, hata pumzi iliyo katikati yake. Mama Cherehani alikaa.

"Nimeleta kichwa," akasema.

"Usiniambie ni cha nini." Mzee akafumba macho, akafungua kiganja. "Niambie kimetoka kwa nani."

Mama Cherehani akafungua mkoba, akamwekea kile kichwa kiganjani. "Kimetoka kwa mwanamke mmoja anayeshona."

Kidole gumba kilianza safari yake. Kikapita tundu la duara, kikapita lile bapa, kikapita la pili. Kikafika kwenye pembe iliyokatwa, kikasimama. Kikarudi. Kikasimama tena. Mzee akafumbua macho, na macho yale yalikuwa makali.

"Mama, umekitoa wapi hiki?"

"Nimepewa."

"Hukupewa. Hiki sikumpa mtu. Pembe hii nimeipiga tupa kwa mikono yangu siku mbili. Hiki ni cha mke wangu." Akakikumbatia kifuani. "Umemwibia Sindano?"

Lilikuja. Alilingoja neno lile tangu jana asubuhi, na sasa limekuja, lakini limepita juu ya kichwa chake likimtafuta mtu mwingine. Angeweza kusema, Ni mimi. Mdomo ulishafunguka. Lakini aliona jinsi mzee alivyokuwa amekaa, fundi kamili, anajua kila kitu, na akaogopa kumwangusha.

"Sijaiba, fundi. Amenituma yeye mwenyewe. Cherehani yake imeharibika, waya zimetoka humu, na hakuna anayejua zinavyokaa isipokuwa wewe."

"Kwa nini asije mwenyewe?"

"Ana kazi nyingi."

Mzee akamchunguza, halafu uso ukalainika, akacheka. "Ana kazi nyingi, au amenuna? Huyo akininunia hutuma watu. Mwambie nimeshajua."

"Nitamwambia."

"Amenuna kwa sababu ya hiki hiki. Anasema nilimharibia cherehani." Akavuta kiti karibu, akashusha sauti, kama mtu anayempa mteja siri ya duka. "Usimwambie hili. Ile cherehani ilikuja na kichwa cha matundu mawili, unaweza kukichomeka hivi au kichwa chini, vyovyote. Ukikigeuza, chuma chote kinakaa na moto hata kama hukanyagi pedali. Siku moja narudi kutoka dukani, namkuta chini, kando ya kiti. Mtoto wetu tumboni, miezi mitano. Nikamwita, haitiki. Nilidhani nimeshakuwa mgane."

Mama Cherehani aliikumbuka siku ile. Alikumbuka ameamka kitandani, mumewe amekaa sakafuni, na yeye mwenyewe amewaambia majirani ni kizunguzungu cha mimba. Miaka ishirini na tisa aliamini ni kizunguzungu. Na wiki iliyofuata mumewe akaibeba cherehani akaenda nayo dukani, na yeye akamwita kila jina.

"Kwa nini hukumwambia?" akauliza, na sauti haikuwa ya mteja tena, lakini mzee hakusikia tofauti.

"Nimwambie aogope kiti chake? Yule akiacha kushona atakufa. Nikaona bora anune." Akageuza kichwa mkononi. "Nikamtengenezea hiki. Pembe nimeikata ili kisiingie vibaya hata ukilazimisha. Bapa la katikati ni waya ya ardhi, limeshikana na mwili wa cherehani. Waya ya moto inakaa tundu la upande wa pembe, lakini kwanza ipite kwenye pedali. Umenielewa? Kwanza mguu, ndipo cherehani. Mguu usipokanyaga, humo ndani hakuna moto hata chembe. Nikamwaga gundi, ili fundi mwingine yeyote asije akapanga upya akamuua. Nipe bisibisi."

Akampa, akamsogezea na waya ya cherehani. Na mikono ile, iliyokuwa imesahau kufunga vifungo vya shati, ikamenya waya, ikasokota nyuzi za shaba, ikakaza skrubu tatu ndogo, bila kusita hata mara moja. Mama Cherehani alimwita Dokta. Dokta alikuja na testa, akagusa chuma: giza. Akakanyaga pedali, cherehani ikanguruma, akagusa tena: giza. Akamtazama mzee, akavua kofia.

"Mzee, shikamoo."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyeifunga vibaya?"

"Ndimi."

"Endelea na simu, mwanangu."

Wakacheka wote watatu. Kisha Dokta akaenda zake, na Mama Cherehani akakaa kwenye kiti chake chini ya dirisha, akaweka kitambaa, akakanyaga.

"Mama," mzee akasema kwa upole nyuma yake. "Samahani. Hicho kiti kina mwenyewe."

Mguu ukaacha pedali. "Ameniomba nimmalizie sare za watoto."

Mzee akafikiri. "Basi shona. Ila usimvurugie nyuzi, atakutoa roho."

Asubuhi ya Jumamosi alimpelekea chai. Aliuliza kwa mazoea, moyo ukiwa unajua. "Mimi ni nani?"

Jibu lilikuja upesi kuliko siku zote. "Wewe si yule mteja wa jana? Uliyeleta kichwa cha mke wangu. Amekuambia anarudi lini?"

"Hakusema," akajibu. Na swali lile hakuliuliza tena, si siku ile wala nyingine yoyote.

Mwanawe alifika saa nane mchana, begi tupu mkononi la kuwekea nguo za baba yake. Alisikia mngurumo tangu barabarani. Alimkuta baba amekaa na kopo lake la skrubu, ametulia kama maji mtungini.

"Shikamoo, baba. Nimekuja kukuchukua, ukakae kwangu kidogo."

Mzee alimtazama, akamtambua au hakumtambua, hatujui. "Ahsante, mwanangu, lakini sitoki. Namngoja mke wangu. Akirudi asiponikuta atanitafuta, na huyo akinitafuta hujui atakavyopiga kelele."

Kijana, nasema kijana lakini ni mume wa mtu, aligeuza uso kwa mama yake. Mama yake hakugeuka. Alikuwa anaongoza upindo wa sketi chini ya sindano, mstari umenyooka kabisa.

"Mama," akasema taratibu. "Anamngoja nani?"

"Si umesikia? Mkewe."

"Lakini wewe..."

"Mwache amngoje. Anayemngoja mtu haendi stendi." Akakata uzi kwa meno. "Weka begi chini ule. Chakula kipo jikoni."

Akaweka begi chini. Hakula, alikaa mlangoni, akiwatazama wote wawili, mpaka saa ya basi lake la kurudi ilipokaribia. Akaondoka na begi lilelile tupu.

Jua lilipoanza kushuka kwenye dirisha, sare ya mwisho ikaisha. Mama Cherehani akaikunja, akainuka, akanyoosha mgongo. Alikuwa anaelekea mlango wa uani, aivae futi yake, apike, awe nani sijui.

"Mama," mzee akamwita.

"Naam, fundi."

"Umeshona vizuri. Akirudi nitamwambia." Akaonyesha ukutani kwa skrubu aliyoishika. "Lakini kabla hujaenda, nizimie ile swichi. Mimi nilishatengeneza, kichwa ni salama, lakini siwezi kujua. Yeye akija hushika tu, haangalii."

Alirudi mpaka ukutani. Akaweka kidole juu ya swichi, akaibonyeza, akiwa amempa mgongo.

"Nimezima," akasema.